Sir Alexander Fleming na Pua Iliyooshwa kwa Penisilini

Wasomaji wengi wa gazeti letu wanalijua jina la Sir Alexander Fleming, kwa kuwa limo katika vitabu vya Biolojia, na ni wachache wasiowahi kusikia habari ya sahani iliyoota kuvu. Lakini ukiwauliza ni kiungo gani cha mwanadamu kilichokuwa miongoni mwa vile vya kwanza kabisa kutiwa penisilini, wengi hawatakujibu. Kiungo hicho kilikuwa pua. Katika makala hii nataka kueleza maisha ya bwana huyu tangu utoto hata kufa kwake, na zaidi ya hayo kueleza shida moja iliyomfuata katika kazi yake yote, yaani namna ya kuifikisha dawa mahali ugonjwa ulipojificha. Shida hiyo imenigusa mimi mwenyewe, kama nitakavyoeleza mbele, na nadhani inawagusa wenzangu wengi, hasa wakati wa vumbi na baridi.

Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti, mwaka 1881, katika shamba liitwalo Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, katika nchi ya Uskoti. Baba yake, Mzee Hugh, alikuwa mkulima na mfugaji. Alikuwa amefiwa na mke wa kwanza, akaoa mke wa pili, Bibi Grace Morton, na Alexander ni mtoto wa tatu kati ya wanne wa mama huyu. Alipokuwa na umri wa miaka saba baba yake akafa, na mama akabaki na kazi ya kulea watoto na kulisimamia shamba pamoja na wale wakubwa. Watoto wale walikwenda shule kwa miguu, mvua na theluji, na njiani walijifunza kutazama ndege, samaki na majani. Mimi nadhani hapo ndipo Fleming alipopata macho yake yale makali. Mtu aliyezoea kutafuta kiota cha ndege nyikani hapitwi upesi na kitu kidogo.

Alipofika umri wa miaka kumi na mitatu hivi alikwenda London, alikokuwa akikaa kaka yake Tom aliyekuwa daktari. Akasoma kidogo, kisha akaajiriwa kuwa karani katika ofisi ya kampuni ya meli, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka minne. Haikumpendeza. Katika mwaka 1901 akarithi fedha kidogo kutoka kwa mjomba mmoja wa ukoo wao, na kaka yake akamshauri azitumie kujifunza udaktari. Akafanya mitihani, akafaulu vizuri, akaambiwa achague chuo. Alichagua hospitali ya St Mary's, si kwa sababu aliijua sifa yake katika elimu, bali kwa sababu aliwahi kucheza na vijana wake mchezo wa mpira wa majini. Alipohitimu mwaka 1906, alibaki hapo hapo katika maabara ya bwana mkubwa Almroth Wright, na moja ya sababu za kubaki ni kwamba alikuwa mlenga shabaha hodari, na timu ya bunduki ya hospitali haikutaka kumpoteza. Hivyo wenzangu wapenda michezo wasikate tamaa, mradi vitabu wasivisahau.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wright na wasaidizi wake walipelekwa mji wa Boulogne, Ufaransa, wakafungua maabara karibu na majeruhi. Huko Fleming aliona vijana wengi wakifa, si kwa risasi yenyewe, bali kwa vidonda vilivyooza. Madaktari wa siku hizo walizoea kumimina dawa kali ndani ya kidonda ili kuua vijidudu. Fleming akashuku jambo hilo. Alichukua bomba la kioo, akaliyeyusha kwa moto na kulivuta likatoka pembe nyingi zenye uwazi ndani, ili lifanane na kidonda kilichochanwa na kipande cha kombora. Akalijaza majimaji yenye vijidudu, akayamwaga, akatia dawa kali, akaiacha usiku na mchana. Kisha akaimwaga dawa, akatia majimaji safi. Vijidudu vikaota tena, kwa kuwa vilikuwa vimejificha katika zile pembe, na dawa haikuvifikia. Tena aliona kuwa dawa zile ziliua chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili, kwa urahisi kuliko zilivyoua vijidudu. Wright na Fleming wakasema heri kidonda kisafishwe na kuoshwa kwa maji ya chumvi, ili mwili usaidiwe kujitetea wenyewe. Madaktari wengi hawakuwasikiliza.

Naomba msomaji ayakumbuke mambo hayo mawili: pembe ambazo dawa haifiki, na maji ya chumvi. Tutayakuta tena puani.

Baada ya vita Fleming alirudi London kwa mke wake, Bibi Sarah McElroy, muuguzi kutoka Ireland aliyemwoa mwaka 1915. Sasa alitafuta dawa itakayoua vijidudu bila kudhuru mwili. Mwishoni mwa mwaka 1921 alishikwa na mafua. Mtu mwingine angejifuta kamasi na kuitupa leso. Yeye alichukua kamasi yake akaitia katika sahani ya kuoteshea vijidudu. Baada ya siku kadha akaona kwamba vijidudu vya manjano vilivyokuwa karibu na ile kamasi vimeyeyuka. Ndani yake mlikuwa na kitu kinachoua. Akakiita lisozimu, akakitangaza mwaka 1922. Akakikuta pia katika machozi, mate na ute wa yai. Ili kupata machozi mengi, watu wa maabara walikamuliwa maji ya limau machoni, na nadhani siku hizo wageni walipita mbali na mlango wake. Kwa bahati mbaya lisozimu iliua zaidi vijidudu visivyo na madhara, na vile vikali ilivishinda kwa shida. Lakini Fleming alikuwa amejifunza kwamba pua si bomba la kupitishia uchafu tu. Ni mlango wenye askari wake.

Kisha ukaja mwaka 1928. Fleming alikuwa akichunguza vijidudu viitwavyo stafilokoki, ambavyo huleta majipu na usaha. Alikwenda likizo, akaacha sahani zake mezani. Aliporudi mwanzoni mwa Septemba alikuta sahani moja imeota kuvu, na kuzunguka kuvu ile stafilokoki wamekufa. Akaiotesha kuvu katika supu, akachuja maji yake, akayajaribu. Yaliua stafilokoki na vijidudu vingine vingi vya hatari, na chembe nyeupe za damu hazikudhurika. Mwaka 1929 akayapa jina la penisilini, kwa kuwa kuvu yenyewe ni ya jamii ya Penicillium.

Hapa ndipo tunapofika kwenye pua. Ndani ya mifupa ya uso wa mwanadamu mna vyumba vidogo vya hewa, jozi nne: mashavuni, juu ya nyusi, kati ya macho, na nyuma kabisa ya pua. Madaktari huviita sainasi. Kila chumba kina mlango mwembamba unaotokea puani. Chumba cha shavuni ndicho kikubwa, na ajabu ni kwamba mlango wake uko juu, karibu na dari. Kwa hiyo mtu akisimama, kamasi haiwezi kutiririka yenyewe. Husukumwa kwenda juu na vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho. Mafua, vumbi au mzio vikivimbisha ngozi ya ndani, mlango huziba, kamasi hutuama, na vijidudu hupata makao. Uso huuma, kichwa huwa kizito, harufu hazisikiki. Hali hiyo ikidumu zaidi ya majuma 12 huitwa ugonjwa sugu. Mwaweza kuona kuwa chumba cha namna hii hakina tofauti kubwa na lile bomba la kioo lenye pembe.

Fleming alikuwa na msaidizi kijana, Stuart Craddock, ambaye chumba chake cha shavuni kilikuwa na maambukizo. Tarehe 9 Januari 1929 Fleming alichukua kwanza ute wa pua yake akauotesha. Yakaota makundi yapata mia moja ya stafilokoki, pamoja na makundi mengi mno ya kijidudu kingine kiitwacho cha Pfeiffer. Ndipo akamtia katika kile chumba cha shavuni maji ya kuvu yaliyochujwa, kiasi cha sentimeta moja tu ya ujazo. Baada ya saa tatu akachukua ute tena. Safari hii likaota kundi moja tu la stafilokoki. Lakini vijidudu vya Pfeiffer vingine vilikuwapo bado, na ugonjwa wa Craddock haukuondoka kwa sababu ya dawa ile.

Watu wengine huliita jaribio hilo kuwa halikufaulu. Mimi nimelifikiri sana, na naona si haki kusema hivyo. Fleming alijua tayari, kwa majaribio ya sahani, kwamba penisilini haimdhuru kijidudu cha Pfeiffer, na sasa pua ya mwanadamu imemthibitishia. Craddock hakuumia. Stafilokoki walipungua kutoka mia hadi mmoja. Fleming aliandika yote mawili daftarini, lililompendeza na lisilompendeza, wala hakulificha la pili ili la kwanza lionekane zuri. Kutokana na hesabu ile mtu yeyote angeweza kujua kwamba dawa hii huchagua: huua huyu, humwacha yule. Ndiyo sababu hata leo daktari mwangalifu hutaka kujua kwanza ni kijidudu gani.

Craddock na mwenzake Ridley walijaribu kuisafisha na kuikoleza penisilini, lakini iliharibika upesi mikononi mwao. Fleming akatangaza habari zake katika jarida la kisayansi mwaka 1929, akaendelea kuitunza kuvu ile na kuwagawia waliotaka, kisha akashika kazi nyingine. Karibu miaka kumi ikapita. Mnamo mwaka 1939, huko Oxford, Howard Florey, Ernst Chain na wenzao wakaishika kazi upya. Tarehe 25 Mei 1940 waliambukiza panya wanane. Wanne waliopata penisilini waliokoka, wanne wasiopata walikufa kabla ya asubuhi. Mwezi Februari 1941 walimtibu polisi mmoja aliyekuwa na maambukizo mabaya. Akapata nafuu ya ajabu, lakini dawa ikaisha hata wakawa wanaikusanya tena kutoka katika mkojo wake, naye akafa mwezi Machi. Heshima ya kuigeuza kuvu iwe dawa ni ya watu hao, na si ya Fleming peke yake, ingawa magazeti ya siku zile yalimtaja yeye zaidi.

Katika Agosti 1942 Fleming aliitumia mwenyewe dawa iliyosafishwa. Mgonjwa mmoja aliyemfahamu alikuwa karibu kufa kwa homa ya uti wa mgongo. Florey akampa penisilini aliyokuwa nayo. Fleming akamchoma sindano ya mwilini, mgonjwa akapata nafuu kidogo, kisha akarudi nyuma. Kwa nini? Kwa sababu dawa ilikuwa katika damu, na vijidudu vilikuwa katika maji ya uti wa mgongo, mahali ambapo dawa haikufika ya kutosha. Basi akaichoma moja kwa moja katika uti wa mgongo, na mgonjwa akapona. Lile bomba la kioo la Boulogne, lile shavu la Craddock, na uti wa mgongo wa mtu huyu, vyote vilimfundisha somo moja.

Mwaka 1944 alipewa cheo cha Sir, na mwaka 1945 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Florey na Chain. Katika hotuba yake ya Desemba mwaka huo hakujisifu tu. Aliwaonya watu kwa mfano wa mtu anayeumwa koo, akanunua penisilini mwenyewe, akatumia kidogo isiyotosha kuua vijidudu bali inayotosha kuvifundisha kuishinda. Mtu huyo akamwambukiza mke wake, mke akashikwa na homa ya mapafu, na dawa ikashindwa kumwokoa. Onyo hilo lilitolewa wakati dawa ilikuwa mpya kabisa, na leo madaktari wa dunia nzima wanahangaika na vijidudu vilivyojifunza kuzishinda dawa.

Sasa niseme lililonigusa. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza nilisumbuliwa na pua kwa miezi mingi. Kila nilipoinama kufagia bweni, uso ulinigonga kama ngoma, na harufu ya maharage yanayoungua jikoni sikuisikia mpaka nilipoambiwa. Majirani nyumbani walimshauri mama aninunulie vidonge vya antibiotiki vichache dukani, kwa kuwa mtoto wa fulani alivitumia akapona. Mama akakataa, akanipeleka kwa daktari. Daktari alinichunguza akasema ngozi ya ndani imevimba kwa mzio wa vumbi, na vidonge vile havitauondoa uvimbe huo. Akanifundisha kuosha pua.

Maji yenyewe ni ya chumvi, gramu 9 katika lita moja, karibu sawa na chumvi ya mwili. Maji matupu huwasha na kuumiza ndani ya pua. Lazima yawe yamechemshwa yakatokota dakika moja au zaidi, kisha yakapoa, au yawe yametoneshwa kiwandani, wala yasitumiwe moja kwa moja kutoka bombani, kisimani au mtoni. Kuna kidudu kiitwacho Naegleria kinachokaa katika maji ya uvuguvugu. Kikimezwa hakidhuru, lakini kikiingia puani chaweza kufika ubongoni na kuua. Chombo nacho kiwe safi na kikaushwe. Mtu huinama juu ya beseni, hupumua kwa mdomo, hutia maji katika tundu moja la pua yakatokea jingine. Nilipokuwa sijapona kabisa baada ya majuma kadha, daktari aliniongezea katika maji hayo dawa ya kupunguza uvimbe, ya jamii ya steroidi, kwa kipimo alichokiandika mwenyewe. Dawa hiyo si ya kujitilia mtu kwa kubahatisha. Pole pole milango ilifunguka, na maji yakafika pembeni mahali ambapo kwanza hayakufika. Hata sasa huosha pua yangu wakati wa kiangazi.

Nilipomwuliza daktari kwa nini hakutia antibiotiki katika maji yale, alinijibu kwamba aghalabu ugonjwa sugu wa namna yangu ni uvimbe, na kwamba mafua mengi huletwa na virusi, ambavyo antibiotiki haiviui hata kidogo. Akasema kwamba mtu akipata homa kali, au uvimbe karibu na jicho, au maumivu makali ya kichwa, asikae bwenini akiosha pua. Aende hospitali siku ile ile. Ni daktari huyo aliyenitajia jina la Craddock, nami nikaenda maktaba kutafuta habari zilizozaa makala hii.

Mke wa Fleming alikufa mwaka 1949. Mwaka 1953 alimwoa Bibi Amalia, daktari na mchunguzi wa vijidudu kutoka Ugiriki. Tarehe 11 Machi 1955 alikufa ghafla nyumbani kwake London kwa ugonjwa wa moyo, akazikwa katika kanisa kubwa la St Paul's. Alikuwa mtu mwenye maneno machache, mfupi wa kimo, apendaye kutazama kuliko kusema.

Wazazi wetu, msikubali kutununulia antibiotiki nusu dozi kwa kila kamasi itokayo. Mkiandikiwa dozi na daktari, hakikisheni tunaifuata kama alivyosema. Nanyi wenzangu mnaofanya majaribio katika maabara yetu, mnapopata jibu lisilolingana na kitabu, msilifute mkaandika la jirani. Fleming aliandika mia moja, akaandika moja, kisha akaandika pia vile vijidudu vilivyobaki.